Mikono ya Mgeni Ukutani Mwangu

Kila aliyeingia nyumbani kwangu aliutukana ukuta wangu kabla hajanisalimia. Viatu viko mlangoni, mkono haujanyooshwa, tayari: "Ala! Ukuta wote huu mtupu?" Kana kwamba wamenikuta sijavaa nguo. Nilikuwa nawaonyesha kiti, nawaletea maji, na moyoni nasema, laiti ungejua ninavyotamani urudi ulikotoka.

Nyumba hiyo niliijenga mwenyewe, hapa Arua. Nasema mwenyewe kwa sababu mwanamke akijenga katika mji huu, watu hutafuta mwanamume aliyejificha nyuma ya matofali. Hakuna mwanamume. Kuna vitenge. Miaka na miaka nimekwenda Vurra, mpakani, kupokea mizigo ya vitenge kwa wafanyabiashara wa Kongo, nikivumilia vumbi la malori na ubishi wa forodhani, kisha nikauza sokoni Arua na kwa wateja wangu wa Koboko. Vitenge ndivyo vilivyochanganya saruji ile.

Fundi nilimwonyesha picha kwenye simu. Nilitaka sebule, meza ya kulia na jiko viwe mahali pamoja, bila kuta za kugawanya. Akacheka. Akaniuliza wageni watakaa wapi nikipika. Nikamwambia watakaa pale pale, wanione. Nimekua nikimwona mama yangu akipika nyuma ya nyumba, machozi ya moshi yanamtoka, huku mbele maneno yote ya maana yakisemwa na watu waliokuwa wakisubiri chakula chake. Mambo ya shamba letu yaliamuliwa mbele, mama akasikia baadaye, sufuria ikiwa inaoshwa. Nilijiapiza kwamba nikipata nyumba yangu nitapika na kusikia, na kama kuna la kujibu nitajibu na mwiko mkononi.

Basi nikapata uwanja mmoja mpana wenye vigae chini, na upande mmoja ukuta mrefu unaoanzia mlango wa mbele mpaka kwenye jiko. Hauna hata dirisha, kwa sababu jirani amejenga akanibana. Ukuta mweupe, mkubwa, umekaa unakutazama. Mimi niliupenda. Ulikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu ambacho hakikuniomba chochote.

Lakini watu! Mchungaji alileta kalenda ya kanisa, akaitafutia msumari kwa macho. Jirani akasema niweke ua la plastiki linaloning'inia. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Koboko na hupita kwangu kila akija mjini, alitaka niweke televisheni ya ukubwa wa mlango, na yeye ndiye angekuja kuitazama. Mfanyabiashara mmoja wa kutoka Aru, ng'ambo ya mpaka, aliniletea picha ya kuchora ya tembo watatu wakinywa maji, akaniambia, "Mama, ukuta bila picha ni kama mutu bila jina." Nikamwambia arudishe tembo wake Kongo wakanywe maji ya kwao.

Nilikuwa na mpango wangu. Katika sanduku chini ya kitanda nilikuwa nimetunza vitenge nilivyokataa kuuza, vile ambavyo kila nilipovikunjua mbele ya mteja nilijikuta navikunja tena. Nilitaka seremala anitengenezee fremu nyepesi, nivitandaze juu yake, kimoja kimoja, ukuta mzima, mpaka jikoni. Sikuwa na haraka. Nilingoja siku ambayo moyo wangu ungetulia, nikae nichague. Waliokuwa wakinijua walijua siku hiyo iko mbali.

Kitu kimoja nilikuwa nimekikataa kabisa, nacho ni picha ya mtu. Ingia sebule yoyote ya mji huu, utakuta mwanamume amening'inizwa. Kama si baba wa nyumba ndani ya tai inayomkaba, basi ni mheshimiwa wa uchaguzi uliopita anayecheka na meno yote, ahadi zake zimeandikwa chini ya kidevu. Nyumba yangu isingekuwa na msimamizi ukutani.

Mama alikuja kuiona nyumba mara moja tu. Alitoka Lobule, kijijini kwetu upande wa Koboko, akiwa amevaa kitenge nilichompa mimi na kujifunika kingine mabegani. Nilimkalisha kiti kinachoutazama ukuta. Akakaa kama anavyokaa kanisani, mikono yote miwili imefichwa chini ya kitenge. Nilizoea kumwona hivyo. Nilidhani ni adabu za wazee.

Lazima niseme kuhusu mikono hiyo, maana hasira yangu yote ilianzia hapo. Mama yangu alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, lakini mikono yake ilikuwa mikubwa, kama ameazima kwa mtu mwingine. Kidole cha shahada cha kushoto kilikuwa kimepinda tangu mchi ulipomponyoka. Viganja vilikuwa na nyufa ambazo hata mafuta ya simsim, ya ufuta, hayakuzijaza. Enzi za tumbaku, alipokuwa akichambua majani mpaka jioni, vidole vyake viligeuka vyeusi kwa gundi ya majani hayo, na weusi ule haukuwahi kutoka wote. Aliinua chungu motoni bila kitambaa. Kwa mikono hiyo alikanda udongo na kinyesi cha ng'ombe, akapaka kuta za nyumba yetu kila kiangazi, akiacha alama za vidole kama matuta madogo ya shamba. Kwa mikono hiyo hiyo alinizaba kibao mara nyingi, na mara zote nilistahili. Baba alikuwa askari. Alituachia Kiswahili cha kambini na mambo mengine machache, kisha akafa mapema. Sisi sote tumelelewa na mikono ile.

Sasa, siku ile, mama aliutazama ukuta kwa muda mrefu. Akasema, "Ukuta hii iko muzuri. Utaweka mutu gani?"

"Mutu gani tena, mama?" nikamjibu, nikiwa nakata vitunguu kwa nguvu. "Huu sio ukuta wa kampeni. Hapa hakuna mutu atapanda."

Akacheka kidogo, puani, akaomba chai. Hakurudia.

Aliugua msimu wa mvua, kifua, na hakukaa sana. Tulimzika Lobule, kando ya nyumba yake ya udongo. Siku ya mazishi, nilipotoka ndani kwenda kukaa na waombolezaji, ndipo nilipoliona bango.

Mnajua mabango ya misiba. Siku hizi hakuna mfu anayekwenda bila bango, limefungwa kwenye nguzo za hema, limeandikwa tarehe na maneno ya mbinguni. Nilipoliona la kwetu nilidhani tumeletewa bango la msiba mwingine. Juu kulikuwa na kichwa cha mama yangu. Hicho sibishani nacho, kilikuwa chake: kovu dogo juu ya jicho, midomo iliyobanwa, kilemba chake cha kila siku. Lakini shingo iliishia njiani, na kuanzia hapo alikuwa mwanamke mwingine. Mwanamke mnene, mabega kama mlango, amevaa gomesi ya zambarau, ile nguo ya mabega yaliyochongoka na mshipi mpana ambayo wanawake wa Uganda huvaa siku za sherehe. Ameketi kwenye kiti cha dhahabu. Nyuma yake ngazi zenye zulia jekundu, kwenye jumba ambalo halipo Lobule wala Koboko nzima. Na mikono! Miwili, laini, minono, imelazwa magotini, mmoja juu ya mwingine. Pete kidoleni. Saa ya dhahabu.

Damu ilinichemka mbele ya jeneza. Nilimvuta kaka mkubwa pembeni.

"Nani alivalisha mama mwili ya mutu mwingine?"

"Studio," akasema. "Tulikuta picha kidogo ndani ya sanduku yake, tukapeleka wakakuza. Acha hasira, watu wanaangalia."

Nilisikia neno studio tu. Mengine yaliliwa na hasira kabla hayajafika masikioni. Nilijua watu wa studio za siku hizi: wakipewa kichwa cha masikini, wanatafuta kwenye kompyuta mwili wa tajiri, wanabandika, wanapokea chao. Na ndugu zangu wawili, wanaume wazima waliobebwa kwa mikono ile, walikuwa wamelichukua na kulifunga hemani bila kuona tofauti. Au wameiona, wakaipenda. Watu waliokuja kuomboleza walisimama mbele ya bango wakitikisa vichwa. "Mama amependeza." Amependeza! Yuko ndani ya sanduku la mbao, na mikono yake nimeifunga mimi mwenyewe kifuani.

Nilikaa matanga bila kuligusa bango. Lakini matanga yalipokwisha, nikiwa Vurra nagombana na mtu wa lori, ndugu zangu walikwenda kwangu Arua na bango limekunjwa. Nyumba zao ni ndogo, walimwambia binti yangu aliyewafungulia mlango, na mama yako ana ukuta. Walipiga misumari wenyewe. Niliporudi jioni na vumbi la njia nzima, nilimkuta yule mwanamke ameketi katikati ya ukuta wangu, amejaa kuanzia juu ya sofa mpaka karibu na dari, saa yake inang'aa, na kichwa cha mama yangu kinanitazama kutoka kule juu kama mtu aliyefungiwa kwenye nyumba isiyo yake.

Sikulitoa. Nani angelitoa? Kaburi lilikuwa bado bichi. Wangesema amemfukuza mama yake. Kwa hiyo nikapika nikimpa mgongo, nikala nikimpa mgongo, na katika nyumba isiyo na kuta za ndani hakuna pa kujificha, hilo fundi hakuniambia. Nikiwa jikoni, yupo. Nikiwa mezani, yupo. Wageni nao wakafurahi mno. Ukuta umepata mtu! Hata mchungaji aliacha kuutafutia msumari.

Nilivumilia mpaka binti yangu wa mwisho, yule wa darasa la tatu, aliporudi kutoka shuleni akisema waliambiwa wasimulie kuhusu mtu wa nyumbani wanayemkumbuka. Nikamuuliza alimsimulia nani. "Nyanya," akasema. Nikafurahi. Nikamuuliza amesema nini.

"Nimesema nyanya alikuwa munene, na alivaa saa ya dhahabu, na hakufanya kazi."

Mtoto huyu alibebwa mgongoni na mama yangu shambani. Alilishwa uji kwa vidole vile vyeusi. Nilitaka kumkaripia nikashindwa, kwa sababu nilipofungua mdomo kumweleza mikono ya nyanya yake ilivyokuwa, niliyoiona kichwani mwangu kwanza ilikuwa ile minono, yenye pete. Ilinibidi niisukume kando ndipo nikaifikia ya mama. Niliogopa. Nilielewa kwamba jambo hili si la aibu tu. Bango lile lilikuwa likila. Lilikwisha kula kumbukumbu ya mtoto, sasa lilikuwa limeanza na yangu, na nikiliacha mwaka mmoja, mama yangu atakuwa amekufa mara ya pili na hakuna atakayejua.

Wiki ile ile nilipeleka vitenge Koboko. Mteja wangu mmoja, mke wa mwalimu, alinikaribisha ndani tuhesabu vipande. Nikakaa, nikainua macho. Ukutani kwake, kwenye fremu, alikuwako. Gomesi ya zambarau. Kiti cha dhahabu. Ngazi na zulia jekundu. Pete ile, saa ile, mkono wa kulia juu ya wa kushoto. Shingoni tu kulipachikwa kichwa cha bibi mwingine, mwenye mashavu yaliyoingia ndani na macho ya ukali.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Mama mukwe. Alikufa mwaka jana." Mteja wangu akaitazama kwa upendo. "Alipenda sana picha yake hii."

Mwongo mkubwa, nikasema moyoni. Maiti anapendaje picha? Nilimwachia vitenge bila hata kubishana bei, na hilo wateja wangu wanajua halijawahi kutokea. Njia nzima kurudi Arua nilikuwa nikibishana peke yangu. Kumbe hata huo mwili wa kuazima haukuwa wa mama peke yake! Kumbe wazee wetu wanapokufa wanagawana mwanamke mmoja, kama sare ya shule!

Nilipofika sikuvua hata viatu. Nilipanda sofa, nikang'oa misumari, bango likaanguka kwenye vigae kwa kishindo. Nikachukua mkasi wangu wa vitambaa, ule ninaowakataza watoto kuugusa, nikapiga magoti juu ya zulia jekundu la uongo, nikakata. Nilikata shingoni, pale pale waliposhonea. Mkasi ulikwenda vizuri. Nisidanganye, nilisikia raha.

Kaka mkubwa alikuja Jumapili, baada ya ibada, kama kawaida yake, ameleta njaa. Ukuta ulikuwa mtupu tena, na kichwa cha mama kilikuwa juu ya meza ya kulia, nimekiegemeza kwenye chupa ya chai. Alisimama mlangoni. Alivua kofia.

"Wewe," akasema polepole. "Wewe umekata shingo ya mama?"

"Mimi?" Nilikuwa nimengoja swali hilo siku nzima. "Ninyi ndio mulikata! Mulitoa kichwa yake, mukatupa mwili yake, mukampa ya mutu hatujui. Mimi nimetoa tu mutu ambaye hakualikwa kwangu."

"Hiyo ilikuwa picha yake!"

"Mikono yake iko wapi? Nionyeshe kidole ilipinda. Nionyeshe!"

Akasema nimerogwa na vitenge vya Kongo. Nikasema yeye amerogwa na uvivu tangu utotoni, kwamba hajui mikono ya mama kwa sababu siku zote alitazama sahani. Akasema ndiyo maana ndoa yangu haikukaa. Nikamwonyesha mlango. Aliondoka bila kula, na kwa kaka yangu hiyo ni sawa na kuvunja undugu.

"Hasira hasara," mama alizoea kuniambia, tangu ningali mdogo. Nilikuwa nikimjibu kwamba aliyetunga methali hiyo lazima alikuwa mtu aliyekosea wenzake. Siku ile sikuona hasara yoyote. Nilikaa mezani na kile kichwa, nikanywa chai, nikahesabu kwamba nimeshinda.

Ukawadia wakati wa kung'oa muhogo wa mama. Aliuacha shambani, na mtu akifa muhogo haungoji. Nikaenda Lobule na lile bango lisilo na kichwa limekunjwa chini ya mkono, maana plastiki ya mabango ni nzuri sana kwa kuanikia, na mama yangu asingekubali kitu kizuri kikae bure. Nilijiambia hiyo ndiyo heshima ya kweli. Nikalitandaza uani, mbele ya nyumba yake ambayo mvua ilikuwa imeanza kuilamba, alama za vidole zikififia ukutani. Nikamenya, nikakata vipande, nikavimwaga juu ya gomesi ile ya zambarau mpaka ikafunikwa. Nilisukuma vipande mpaka kwenye saa ya dhahabu. Nilifurahi kama mtu aliyemfunika adui yake blanketi usoni.

Mama mdogo, mdogo wake mama wa kuzaliwa tumbo moja, akaja na fimbo yake kuniangalia. Miguu yake mibovu, hafiki mjini, na kwangu hajawahi kukanyaga. Akaketi kwenye kigoda, tukasalimiana, tukaulizana ya watoto na ya mvua. Halafu akainama kugeuza vipande vya muhogo, kama mwanamke yeyote anavyofanya akikaa karibu na muhogo uliotandazwa. Akasimamisha mkono. Akasukuma vipande pembeni. Akasukuma tena, kwa mikono miwili, haraka.

"Hii iko picha ya dada," akasema. "Kichwa iko wapi?"

Nikamweleza. Nilianza kwa kujiamini, nikamwambia habari za watu wa studio, za mwili wa uongo, za yule wa Koboko mwenye mwili huo huo. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa anaifuta ile mikono minono na pembe ya kitenge chake, anaondoa unga wa muhogo, kidole kwa kidole.

"Hakuna mutu alimvalisha," akasema. "Alichagua."

Akanisimulia. Ilikuwa siku ya soko, kabla mama hajaugua. Walikwenda Koboko wanawake wazee wa kanisa lao, kikundi kizima, wengine wamepakiwa kwenye baiskeli na wajukuu, mama mdogo naye, wakati huo miguu ilikuwa bado inakubali. Walikuwa wamesikia kuna kijana wa studio anayeweza kukupiga picha ya uso tu, halafu ukachagua mengine yote. Ukutani kwake alikuwa ametundika miili, imepangwa kama nguo dukani. Walicheka mpaka kijana akawaomba waketi. Mmoja alitaka ule wenye gari. Mmoja aliuliza kama kuna wenye mume. Mama yangu alisimama muda mrefu, halafu akaonyesha wa gomesi ya zambarau, na wengine walipoona amechagua huo nao wakautaka.

"Kijana alisema, mama, huu munene, hautafanana na wewe, chukua hii nyembamba," mama mdogo akasema. "Dada akakataa. Akasema yeye hapana taka gomesi. Yeye nataka hii mikono. Akasema, angalia, hii mikono imepumzika."

Upepo uliinua ukingo wa bango na vipande vya muhogo vikateleza.

"Mikono yake aliona aibu," mama mdogo akaendelea. "Hata kanisani alificha. Wewe hukuona?"

Niliona. Nilidhani ni adabu.

"Alisema mutoto wangu iko na ukuta mukubwa Arua, iko siku ataniweka. Aliuliza wewe, hukumbuki?"

Hapo ndipo hasira ilinirudia, na kwa mara ya kwanza sikujua niielekeze wapi. Nilimgeukia mama mdogo, aliyekuwa karibu. "Kwa nini hakuniambia? Picha ilikaa ndani ya sanduku wakati wote, mimi nakuja hapa na sukari na sabuni, kwa nini hakunionyesha?"

Mama mdogo alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini jua linachoma.

"Alisema usiambiwe. Alisema, huyo atakasirika."

Tulihamisha muhogo kwenye gunia kuukuu, kipande kwa kipande. Kisha tulilisafisha bango kwa maji, mimi na yeye, tukiinama pamoja juu ya kile kiti cha dhahabu, na mikono ya mama mdogo ni ile ile, mikubwa, ina nyufa, isipokuwa vidole vyake vyote vimenyooka.

Nililirudisha Arua. Nililikutanisha na kichwa chake juu ya meza, nikatafuta sindano nene ya kushonea magunia na uzi mweusi imara, nikashona. Sishoni vizuri, mimi ni mtu wa kuuza. Mshono ulikwenda kombokombo kutoka bega mpaka bega, na plastiki ikajikunja kidogo shingoni. Nikalitundika tena mwenyewe, kwenye matundu yale yale ya misumari ya ndugu zangu. Kisha nikavuta sanduku chini ya kitanda, nikatoa vitenge vyangu vyote nilivyotunza, nikavipanga kumzunguka, kulia na kushoto, mpaka jikoni. Seremala na fremu zake sikumngoja. Nilivipigilia hivyo hivyo.

Binti yangu alipotoka shuleni alisimama akatazama. "Nyanya amevaa mkufu," akasema, akionyesha mshono.

Kaka mkubwa nilimtumia mtu kumwita. Amekuja, amekula, hatujasema lolote kuhusu shingo. Wageni nao hawasemi kitu juu ya ukuta siku hizi. Wanaingia, wanaona uzi ule mweusi, wanashusha macho, wanauliza habari za biashara. Wanaogopa nitakasirika.

Wako sawa, nitakasirika. Nina hasira na tumbaku, na mchi, na moshi, na wale waliokaa mbele wakingoja chakula. Nina hasira na mwanamke aliyenificha mikono yake miaka yote hiyo, akidhani mimi ndiye wa kuogopwa, kisha akaenda kuazima mingine kwa mtu asiyemjua. Napika nikimtazama sasa. Mikono yangu ina vitunguu, yake imelala magotini, na simwambii ainuke kunisaidia.